Chuma cha mbinguni hakijala makaa

Swali limetoka kwa msomaji wa Nansio, Ukerewe, anayeandika riwaya yake ya kwanza:

"Shikamoo mwalimu. Naandika hadithi ya kubuni ya zamani sana, kabla ya meli na kabla ya Wazungu, kuhusu msichana wa mwambao wa ziwa na upanga uitwao Radi. Upanga umefuliwa kwa kimondo kilichoangukia ziwani. Ulizimwa ndani ya damu ya mamba, na wanaume wanne waliubeba. Mhunzi alipokufa uliachwa umekwama kwenye jiwe kubwa pale Mwanza, na kwa miaka mia hakuna aliyeweza kuuchomoa ila mteule. Unakata mwamba, haushiki kutu, na unang'aa adui akikaribia. Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea. Nilipomsomea alicheka mpaka akakaa chini. Niambie kipi kinawezekana na kipi nifute."

Marahaba, binti yangu. Kaka yako asikuvunje moyo, ingawa kuna jambo moja ana haki ya kulicheka, na nadhani silo unalolihofia. Umejiandaa nikwambie mng'ao haupo na damu ya mamba ni upuuzi. Hivyo viwili tutavitafutia njia. Shida yako ni kimondo. Kati ya vyuma vyote ambavyo msichana wako angeweza kuvipata kandokando ya ziwa, umemchagulia kile kilicho dhaifu kuliko vyote, ukakibebesha hadithi nzima.

Kimondo chenyewe si cha kubuni, hilo tulikubali mapema. Tunacho chetu kule Mbozi, mkoani Songwe, chenye urefu wa kama mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Takriban asilimia 90 yake ni chuma, na karibu asilimia 9 ni nikeli. Watu wa kale walifua silaha kwa chuma cha namna hiyo. Jambia la Tutankhamun, farao wa Misri aliyezikwa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita, lilipimwa kwa eksirei na matokeo yakatangazwa mwaka 2016: nikeli karibu asilimia 11, na kobalti kidogo. Chuma cha ardhini cha zama zile hakina mchanganyiko huo. Lakini tazama kwa nini farao alizikwa nalo. Watu wake walikuwa bado wanatumia bronzi, na chuma kilikuwa adimu kama vito. Alilipenda kwa uhaba wake, kama tunavyopenda dhahabu ya Geita, na hakuna anayekwenda vitani na panga la dhahabu.

Makali ya upanga yanatoka kwenye kaboni. Chuma kisicho na kaboni ni laini. Kipashe moto mpaka kiwe chekundu, kitumbukize majini, kitoe, bado utakikunja kwa koleo kama msumari. Kikiwa na kaboni ya nusu asilimia hadi asilimia 0.8 hivi, kinaitikia moto na maji, nacho kinakuwa chuma cha kufaa upanga. Kikizidi asilimia 2, unapata chuma cha kusubu, kile cha ganda la mashine ya kusaga, ambacho ukikidondosha kwenye sakafu kinavunjika kama chungu.

Na kaboni hiyo inatoka wapi? Kwenye makaa. Chuma kikilala ndani ya makaa yanayowaka kwa saa nyingi, kinayala makaa yale kidogo kidogo. Hiyo ndiyo siri yote ya wahunzi wa dunia nzima kwa miaka zaidi ya elfu mbili. Sasa kimondo kimetoka mbali sana, kimepita pasipo miti wala moto wa mkaa, na kaboni iliyomo ndani yake haitoshi kitu. Nikeli inakisaidia kutovunjika upesi, ila haikipi makali. Juu ya hayo kimebeba vifuko vya salfa na fosforasi, na mhunzi asiyejua akikigonga kikiwa na moto mkali kinapasukapasuka chini ya nyundo. Kumkutanisha msichana mwenye upanga wa kimondo kitupu na mvuvi wa leo mwenye panga lililofuliwa kwa springi bapa ya lori ni kumwonea msichana.

(Dogo tu: usikiangushe ziwani. Ziwa letu lina sehemu zenye kina cha karibu mita 80. Atakitoa nani? Kiangushe ufukoni, kwenye matete.)

Dawa yako iko ng'ambo ya ziwa, upande wa Kagera. Kijiji cha Katuruka, karibu na Bukoba, kina mahali pa kale panapoitwa Kaiija, na mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba pale kuanzia mwaka 1970. Alipata mabaki ya kazi ya chuma ya zaidi ya miaka 2,000. Baadaye wazee wa Kihaya, ambao ujanani mwao walikuwa wameyeyusha chuma kabla jembe la dukani halijawaua kibiashara, wakajenga tanuri upya mbele ya watafiti. Walichimba shimo, wakachoma matete ya kinamasi ndani yake mpaka yakawa mkaa mwepesi, wakasimamisha juu yake tanuri la udongo wa kichuguu. Mirija ya udongo ya kupitishia upepo wa mivukuto haikuishia ukutani. Iliingizwa mpaka ndani ya tanuri, kwenye moto wenyewe, ili upepo upate joto njiani. Schmidt na mwenzake Donald Avery walilieleza jambo hilo katika jarida la Science mwaka 1978. Wataalamu wengine wamebishana nao kuhusu upepo huo ulipata joto kiasi gani, na ubishi huo ni wa haki. Kilichotoka tanurini, hata hivyo, kilikuwa bonge lenye matundu kama sifongo, limejaa mavi ya chuma, yaani takataka za kuyeyushia, na humo ndani mlikuwa na chuma chenye kaboni. Kilikuwa kimekula matete na makaa.

Hapa ndipo nilipotamani ungekuwa karibu nikushike bega. Masimulizi ya Wahaya kuhusu Kaiija yanasema mfalme Rugomora Mahe aliwaamuru wahunzi wake wajenge mnara wa chuma wa kupandia mbinguni, na mnara ukaanguka. Wewe umekwenda mbinguni kuleta chuma chini. Wao walisimulia chuma kikitoka chini kwenda mbinguni. Umekaa Ukerewe, katikati ya ziwa, una hadithi hii upande wa magharibi, halafu unaazima ya mbali?

Na upande wa kusini walikuwepo Warongo wa Buzinza, eneo la Geita ya leo, waliofua majembe yaliyouzwa mpaka Unyamwezi na kutolewa mahari. Mhunzi wako awe mmoja wao. Atakuwa na mivukuto, fuawe la jiwe, na miiko ya kutosha kujaza sura tatu.

Sasa, ukitaka kubaki na kimondo, baki nacho, ila kioe. Mhunzi achukue kipande cha kimondo na vipande viwili vya chuma kilichokula makaa, avibandike pamoja kwa moto mkali na nyundo, aukunje mkate ule, aubandike tena. Ukikunja mara 10 unapata tabaka 1,024 kutoka moja. Wahunzi wa siku hizi wanafanya hivyo kweli kwa vipande vya vimondo, na wengi huharibu cha kwanza. Makali yabaki ya chuma cha kaboni peke yake. Upanga ukisuguliwa utaonekana wa rangi moja, wa kawaida tu. Lakini ukipakwa kitu kikali chenye asidi, tabaka za kaboni zinakuwa nyeusi na zile za nikeli zinabaki zikimeta kama fedha, na michoro ya mawimbi inajitokeza pale ambapo hapakuwa na kitu. Ningekwambia utumie ndimu, ila katika zama zako nina shaka kama ilikuwa imefika ziwani. Tumia ukwaju, uachwe juu ya bapa usiku kucha. Msichana aamke asubuhi akute maandishi ya nyota. Huo ni uchawi ambao hata kaka yako hawezi kuubishia.

Watu wa Pwani walikuwa na jina la chuma bora, feleji, na upanga wa feleji ulikuwa ule mrefu, mnyoofu, wenye makali pande mbili. Mapanga yaliyotukuka kuliko yote katika Bahari ya Hindi yalitoka kwenye chuma kilichoyeyushwa ndani ya vyungu vidogo vilivyozibwa, kule India na Sri Lanka, chenye kaboni ya karibu asilimia 1.5. Nacho kilikuwa na michoro kama maji yanayotembea. Uchunguzi wa karibuni umeonyesha kwamba michoro ile ilisaidiwa na uchafu mdogo mno ndani ya chuma, hasa metali iitwayo vanadi. Sasa, mlima wetu wa chuma wa Liganga, kule Ludewa, una vanadi ndani ya mawe yake. Kama sehemu ya pili ya riwaya itampeleka msichana kusini, umesikia.

Damu ya mamba. Nilipokuwa kijana nilifua kisu kwa springi ya lori, nikakipasha mpaka chekundu, nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi ya ziwa huku nimejawa na fahari. Nilisikia "ti!" kama kijiko kilichogonga bilauri. Kisu kilikuwa na ufa kutoka makali hadi mgongoni. Chuma chenye kaboni kikipozwa ghafla, kaboni inanaswa ndani kabla haijapata pa kwenda, chuma kinakuwa kigumu mno na kikavu kama kioo. Kikipozwa haraka kupita kiasi, kinapasuka. Kikipozwa polepole, kinabaki laini. Kwa hiyo mhunzi anatafuta kimiminika cha wastani, na ndipo zinapoanza hadithi za mkojo wa mbuzi na damu za kila aina. Mkojo una chumvi, nayo chumvi inavunja pazia la mvuke linalokizingira chuma, hivyo unapoza haraka kuliko maji matupu. Damu ni maji kwa sehemu kubwa, ila ina protini zinazoganda juu ya chuma cha moto, na harufu yake, usiniombe nikueleze.

Swali la kaka yako litakuwa la kihesabu: damu hiyo ni lita ngapi? Upanga wa sentimeta 80 unahitaji chombo kirefu, si chini ya lita 15 za kimiminika. Ng'ombe wa kilo 300 ana damu kama lita 17 mwilini mwake, na akichinjwa inatoka nusu tu au zaidi kidogo. Kisha inaganda wakati chuma bado kinapashwa. Kwa hiyo mamba mmoja hatoshi, utahitaji ukoo. Ushauri wangu: mafuta. Mafuta yanapoza kwa upole na upanga mrefu unapona. Usiandike mafuta ya sangara, maana sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, na hapo wazee wa soko la samaki la Mwaloni watakucheka kuliko kaka yako. Samli inafaa. Mafuta ya kamongo pia, kama unataka mnyama wa kutisha. Damu ya mamba iwepo kama mwiko, matone machache juu ya samli, na mhunzi mwenyewe aamini ndiyo iliyofanya kazi.

Halafu kuna hatua ambayo waandishi karibu wote wanaisahau, nayo ndiyo inayotenganisha mhunzi na mpiga nyundo. Baada ya kuzimwa, yaani kupozwa ghafla hivyo, upanga haufai. Ukiugonga kwenye ngao utavunjika vipande. Lazima urudi motoni, safari hii moto wa taratibu, kati ya nyuzi 200 na 300. Mhunzi hana kipimo. Anausugua bapa mpaka ung'ae, anautazama ukibadilika rangi: manjano ya majani makavu kwenye nyuzi 220 hivi, kahawia, zambarau, kisha bluu karibu na nyuzi 300. Kwa kisu cha kunyolea anaukomesha kwenye manjano. Kwa upanga anasubiri zambarau iingie bluu, rangi ya ziwa dakika chache kabla ya giza. Akichelewa kwa pumzi chache, kazi yote imelainika. Ukihitaji tukio la kumfanya msomaji ashike roho, liko hapo. Mzee mhunzi, macho yameanza kupoteza nuru, anamuuliza binti mdogo wa ukoo wa msichana wako: rangi gani hiyo? Naye kwa jibu lake anaufanya upanga uwe wa ukoo wao.

Upanga kwenye jiwe. Huu unawezekana kuliko unavyodhani. Italia, kwenye kanisa dogo la Montesiepi, kuna upanga wa karne ya 12 uliozama kwenye mwamba mpaka karibu na mpini, unaohusishwa na Galgano Guidotti, askari aliyekuja kuwa mtawa na kufariki mwaka 1181. Wewe huhitaji muujiza hata huo. Mawe yetu ya Mwanza yamejaa nyufa. Chukua upanga, uusukume ndani ya ufa wa jiwe la ukubwa wa lile la Bismarck pale karibu na kivuko cha Kamanga, uuache mvua za masika na vuli zipite. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili hadi mara sita. Ndiyo inayopasua zege la nyumba ambayo nondo zake zimelowa. Itaujaza ufa na kuubana upanga hata ukoo mzima ukivuta kwa kamba hautoki.

Na mteule? Mteule wako ni mtu aliyewahi kufungua nati iliyoshikwa na kutu. Kila fundi wa gereji anajua: huvuti. Unagonga kidogo kidogo ili kutu ivunjike, unatia mafuta, unasubiri, unapasha moto, unagonga tena. Wafalme mia wamekuja kuvuta kwa misuli. Msichana anakuja na kibuyu cha mafuta na kijiwe, anakaa siku tatu akigonga. Nakuapia nitainunua riwaya hiyo.

Sasa umeona mgongano? Ukisema haushiki kutu, hautakwama. Chagua kimoja, na mimi nakuchagulia kutu. Chuma kisichoshika kutu kwa maana ya vijiko vya siku hizi kinahitaji kromi ya asilimia 10.5 au zaidi, kitu kilichoanza kujulikana viwandani miaka ya 1910, kama kule Sheffield mwaka 1913. Kipo chuma cha kale kilichoikataa kutu, kama nguzo ya Delhi, yenye urefu wa mita 7, uzito unaozidi tani 6 na umri wa miaka 1,600 hivi, ila imeokolewa na fosforasi nyingi iliyomo ndani yake, na fosforasi hiyohiyo ingeufanya upanga uvunjike. Sehemu za kimondo zitakula kutu polepole kuliko zingine. Basi ukitoka jiweni uwe umechakaa vibaya, isipokuwa mistari ile ya fedha.

Kukata mwamba, futa. Jiwe la Mwanza lina chembe za kwazi, madini magumu, na kwazi inakwaruza chuma kigumu cha upanga kuliko chuma kinavyoikwaruza yenyewe. Pigo moja, na makali yamekuwa msumeno. Kumbuka walivyofanya wasimulizi wa Fumo Liyongo: chuma hakikumuua, akauawa kwa sindano ya shaba kitovuni. Shaba ni laini kuliko chuma, fundi yeyote atacheka. Lakini hakuna anayecheka, kwa sababu muujiza uliwekwa kwenye mwili wa Liyongo, na shaba ikaachwa ibaki shaba.

Mng'ao nimeuacha nyuma kwa makusudi, maana naupenda. Chuma kinachong'aa kwa joto kimefika zaidi ya nyuzi 500, na hapo umeshapoteza ile bluu ya mzee. Lakini wewe unaishi kwenye ziwa ambalo ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi zaidi duniani, na nyingi hupiga usiku. Wingu la radi likiwa juu, umeme unajikusanya kwenye ncha yoyote iliyosimama, na kabla ya kupiga unaweza kuvuja taratibu kwa mwanga wa bluu na zambarau, ukitoa sauti ya kutatarika kama mafuta kikaangoni. Mabaharia wa Ulaya waliuona kwenye ncha za milingoti, wakaupa jina la Mtakatifu Elmo. Msichana amesimama kwenye mtumbwi usiku, ameinua Radi, nayo inawaka bluu. Adui anayekaribia si mtu. Ana sekunde chache za kulala chali na kuuangusha upanga, la sivyo riwaya imekwisha. Nawe tayari umeshaupa jina.

Hukuuliza uzito, ila nimeona kwenye barua yako kwamba "wanaume wanne waliubeba". Upanga wa mkono mmoja una kilo 1 hadi 1.3. Ile mikubwa ya mikono miwili haizidi sana kilo 3. Msichana wa miaka 15 anayechota maji ataubeba vizuri.

Mwisho, muombe kaka yako saa moja. Atafute kipande cha springi ya lori na msumari wa kawaida wa inchi 6. Aviweke kwenye makaa mpaka viwe vyekundu na sumaku isivishike tena, avitumbukize vyote kwenye maji, kisha akupe tupa ujaribu. Msumari utaliwa na tupa. Kwenye springi tupa itateleza kama kwenye kioo. Vaa miwani, na usimame pembeni ya ndoo, si juu yake.